Mwavuli wa Akiba

Nilipompigia mama simu kumweleza kwamba ninajifunza kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege, hakunikemea. Alinyamaza, nikasikia kelele za soko la Mgandini nyuma yake, kisha akauliza, "Shilingi ngapi, mwanangu?"

Nilimtajia bei ya mara ya kwanza tu. Pale Eloy, mji mdogo wa jangwani kati ya Phoenix na Tucson huku Marekani, niliruka nimefungwa pamoja na mwalimu, yeye mgongoni kwangu, nikalipa kama dola 250. Tuliachia ndege futi 13,000 juu, tukaanguka kwa dakika moja hivi. Dakika ile ilinifuata mpaka kazini, katika nyumba ya wazee ninakofanya zamu za usiku.

Anayetaka kuruka peke yake huanza na walimu wawili wanaomshika huku na huku wakianguka naye, na Marekani leseni ya kwanza haitolewi kabla ya miruko 25. Mpaka naipata, nilikuwa nimetumia zaidi ya dola 3,000. Humo sijahesabu kungoja. Upepo ukizidi maili 14 kwa saa, mwanafunzi haruki. Nimewahi kuacha zamu mbili, nikashinda uwanjani nikitazama ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ukiwa umejaa tangu asubuhi, nikarudi kama nilivyokwenda. Na mwanafunzi akipitisha siku 30 bila kuruka, lazima arudie na mwalimu, kwa malipo. Kanuni hiyo iliniudhi sana wakati ule. Leo ningeilipia mara mbili.

Baada ya leseni nikatafuta vifaa vyangu. Nikapata vya mtumba kwa bei nzuri, ila vilikosa kile kifaa kidogo kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe iwapo mrukaji amezimia na bado anaanguka kwa kasi kwenye futi 750 hivi. Kifaa hicho peke yake kinapita dola 1,000. Nikajiambia nitakinunua baadaye.

Mama ni mweka hazina wa kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopa, miaka mingi sasa. Nilipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo iko miavuli miwili?"

"Ndiyo, mama. Mkubwa na wa akiba."

"Huo wa akiba anaukunja nani?"

"Fundi mwenye leseni. Kila siku 180, hata kama haujafunguliwa."

"Mlipe. Na hicho kidude kinunue. Kama pesa haitoshi, mwezi huu usinitumie."

Hapo nilishindwa kujibu. Pesa ninayomtumia ndiyo ya dawa zake za presha. Nilikuwa nimezoea kusema kuruka ni starehe yangu, kwa jasho langu, na kumbe mwanamke wa Tanga alikuwa tayari kupunguza dozi ili mimi nifike chini salama. Katika kikoba chao kila mwanachama huchangia mfuko wa jamii kila wiki, na mwenye msiba au mgonjwa ndiye anayesaidiwa. Sijapata kumsikia mama akiita mchango ule hasara kwa kuwa mwaka umepita bila ya yeye kuuguliwa.

Sikuruka kwa miezi mitatu. Nilimtumia yake kama kawaida, na pesa ya wikiendi zangu ikawa ya kifaa.

Siku ya kuchukua vifaa, fundi alinitandazia mwavuli wa akiba mezani. Ulikuwa kama mpya, haujawahi kuguswa na upepo. Alikagua kila mshono na kila kamba, akaukunja taratibu, akaufunga kwa uzi mwekundu na kipande kidogo cha risasi kilichogongwa alama yake, akatia saini kwenye kadi. Niliipiga picha kadi hiyo nikamtumia mama. Usiku alinipigia kunijulisha kwamba tarehe ameiandika kwenye daftari lake, chini ya zamu za kikoba, na siku 180 zikikaribia atanikumbusha.