Sekunde Ishirini

Deki yangu ya video iliharibika wakati wa masika, jioni moja nilipokuwa peke yangu. Ilinguruma, ikanyamaza, kisha ikaumeza mkanda. Nilipofanikiwa kuutoa, utepe wake ulikuwa umekunjamana kama utumbo wa kuku. Wanangu waliposikia walicheka kwa upole. "Baba, siku hizi nani anatazama kanda?" Sikuwajibu, maana jibu lilikuwa ndani ya mkanda wenyewe.

Mkanda huo ni wa mahafali ya darasa la saba ya mwaka 1995, katika shule niliyokuwa mwalimu mkuu wilayani Ngara. Miaka ile televisheni kwetu ilikuwa habari ya kusikia tu. Hata ITV ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Kilichotuletea kamera ni msiba wa jirani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko mji wowote wa mkoa wetu. Nyuma yao walikuja waandishi wa habari, magari, jenereta na kamera. Kijana mmoja aliyefanya kazi kambini alikubali kuja kutupigia picha. Wakimbizi walipokwisha kurejeshwa kwao Desemba 1996, naye akawa anafungasha, nilinunua kwake deki na televisheni ya chogo.

Siku ya mahafali nilimwagiza achukue mgeni rasmi, hotuba yangu, na wanafunzi wakipokea vyeti. Lakini katikati ya hotuba niliona ameelekea jikoni. Nilikasirika, na baadaye nikamkaripia kwamba ameharibu mkanda kwa kupiga picha masufuria. Kumbe huko alimkuta mke wangu akiepua sufuria la ndizi. Mke wangu akageuka, akaiona kamera, akacheka, akajifunika uso kwa ncha ya khanga, kisha akarudi kwenye moto. Basi, ni hayo tu.

Alifariki mwaka 2009. Picha zake zipo ukutani, lakini katika zote amesimama wima, amekaza uso, kama watu wa rika letu walivyozoea mbele ya kamera. Mahali pekee alipocheka ni pale jikoni.

Niliipeleka deki kwa fundi redio mjini Biharamulo. Aliifungua, akatikisa kichwa. "Mwalimu, mipira imelegea na hedi imekwisha. Spea hakuna." Alinieleza kwamba kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine hizi, iliacha Julai 2016. Alinishauri nihamishie kanda zangu kwenye flashi, lakini hata hilo lilihitaji deki nzima. Ilichukua miezi minne ya kuuliza huku na huko. Hatimaye deki ya mtumba ilikuja kwa basi kutoka Mwanza, imefungwa ndani ya blanketi. Niliuza mbuzi wawili nikailipia.

"Tusianze na wa mama," fundi alisema, akaijaribu kwanza kwa mkanda wa kwaya. Ilipokubali, akafungua skrubu tano za mkanda wangu, akafuta ukungu taratibu, akafika penye mikunjo. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa ulikuwa unasimamisha picha mara kwa mara?"

Nilikiri. Akanieleza kwamba picha inaposimama, utepe hutulia lakini hedi huendelea kuzunguka, mara 25 kwa sekunde, ikisugua pale pale. Kwa hiyo mahali nilipopapenda kuliko pote ndipo nilipopachakaza kwa macho yangu. Sasa ilibidi pakatwe, la sivyo pangeharibu na hedi ya deki mpya. Nilipima kwa rula yangu ya darasani: sentimeta 47. Utepe hukimbia sentimeta mbili na kitu kwa sekunde. Hesabu ikatoa sekunde ishirini. Kicheko chote kilikuwa humo.

Nilikaa kimya kitambo. Kisha nikasema, "Kata, kijana wangu."

Sasa mkanda unacheza. Mke wangu anaepua sufuria, picha inaruka, halafu unaonekana mgongo wake akirudi motoni. Hotuba yangu ya dakika arobaini i salama salimini, haina hata mkwaruzo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuirudia.

Mjukuu wangu, ambaye hakumkuta bibi yake, ndiye aliyehamisha yote kwenye flashi. Palipofika pale akauliza, "Babu, hapa palipokatika bibi alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anacheka," nikamwambia. Akataka kujua alichekaje. Nikaanza kumweleza: jinsi alivyoanza na mabega kabla sauti haijatoka, jinsi alivyoona haya kwa pengo la jino. Tulizungumza hadi usiku. Nilitambua kwamba miaka yote hiyo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote habari zake. Kazi hiyo nilikuwa nimeiachia deki.

Ndugu msomaji, kama unazo kanda za watu wako, tafuta deki mapema, zihamishe kabla ukungu haujakutangulia. Lakini usiishie hapo. Waeleze na wajukuu, wangali wanauliza. Kile kipande cha sentimeta 47 nimekihifadhi ndani ya bahasha. Ukikiinua kwenye mwanga huoni sura yoyote, ni weusi mtupu. Ila mimi na mjukuu wangu tunajua kilichomo.