Nilikwenda Madison Kulea

Watu wa mtaani kwetu Tanga waliponiuliza nakwenda Marekani kufanya nini, niliwajibu kwa ufupi: kulea. Binti yangu alikuwa amejifungua akiwa katikati ya masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Mumewe naye ni mwanafunzi hapohapo. Wote wawili wana vipindi na tafiti zao, na mtoto ana miezi mitano. Mimi nimestaafu ualimu wa hesabu na nguvu bado ninazo. Tena mama yangu alinifanyia vivyo hivyo nilipokuwa chuo cha ualimu Korogwe, binti huyuhuyu akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Nilitafuta pasipoti, nikaomba viza, nikapanga kanga za mbeleko kwenye sanduku, nikaondoka.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Kutoka Dar es Salaam tulishuka Doha, tukabadilisha ndege, tukavuka bahari hadi Chicago. Afisa wa uhamiaji alitazama karatasi zangu akanipa kibali cha miezi sita. Pale uwanjani kuna basi linalokwenda Madison moja kwa moja, mwendo wa saa tatu hivi, nami nikakaa dirishani. Ulikuwa mwezi wa Agosti, na pande zote mbili za barabara ni mahindi na soya, soya na mahindi, mpaka macho yanachoka. Nilimtafuta mtu mwenye jembe katika mashamba yale, sikumwona hata mmoja.

Binti yangu alinipokea kituoni peke yake, amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na baba yake. Ana kikao na msimamizi wake saa nane, mama, lazima tuwahi tukampokee mtoto."

Habari za nyumbani tulizimalizia njiani, tukitembea haraka. Tulipofika, mkwe wangu alikuwa mlangoni, mkoba begani na mtoto mkononi. Alinisalimu kwa heshima zote, akanikabidhi mjukuu wangu, akashuka ngazi mbiombio kuliwahi basi.

Wanaishi Eagle Heights, mtaa wa nyumba za chuo kwa wanafunzi wenye familia, kando ya Ziwa Mendota. Nyumba zenyewe zilianza kujengwa miaka ya 1950, na tangu 1962 wakazi wana bustani za pamoja, kila familia na kipande chake. Asubuhi nilipotoka na mjukuu mgongoni nilikuta nimeingia kwenye jeshi zima la mabibi. Walikuwapo wa kutoka China, India na Korea, na kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mkononi au kwenye kigari. Bibi mmoja wa Kichina alikuja akaishika mbeleko yangu, akalikagua fundo lake, kisha akanionyesha ya kwake, kitambaa kizito chenye mikanda minne inayopita begani na kiunoni. Akanichumia maharage marefu mithili ya kunde, konzi mbili. Binti yake, aliyekuwa anawahi darasani, alitutafsiria kwa Kiingereza. Mama yule alikuwa amebakiza majuma machache kibali chake kiishe, na akiondoka atakuja bibi mzaa baba. Mtoto wao wa kwanza alikuzwa hivyohivyo, mabibi wakipokezana.

Yale maneno yalinikaa. Kila bibi katika bustani ile alikuwa ameacha nyumba nyuma yake. Mimi mume wangu nilimwacha Tanga na shinikizo la damu, jirani anampikia. Tulikuwa hatulipwi, na hatukuwa tunadai malipo, kwa kuwa mjukuu ni damu yako. Hata hivyo kazi ile ilikuwa na bei, na bei hiyo iko wazi kabisa kwa anayetaka kuijua.

Nilimwomba binti yangu anionyeshe hesabu zake. Madison, kituo cha kulelea mtoto mchanga kutwa, siku tano za juma, ni zaidi ya dola 1,500 kwa mwezi. Binti yangu anafundisha Kiswahili kama mwalimu msaidizi huku akisoma, yaani ni mwanafunzi na mtumishi wa chuo kwa wakati mmoja, na kiasi hicho kinakula zaidi ya nusu ya posho yake. Kutafuta kibarua cha nje hawezi, maana viza ya mwanafunzi inamruhusu saa 20 tu za kazi kwa juma wakati wa masomo, tena ndani ya chuo, na hizo amekwisha zimaliza.

Nilitaka kujua kwa nini ni ghali hivyo, nikidhani kuna mtu anajitajirisha. Nilipotembelea kituo niliona sababu kwa macho yangu. Sheria ya Wisconsin kwa kawaida inataka mlezi mmoja asizidishe watoto wanne wa chini ya miaka miwili, na chumba kimoja kisizidi watoto wanane. Mishahara ya walezi karibu yote inatoka kwenye mifuko ya wazazi wa watoto hao wanane. Ukitaka ada ishuke bila fedha kutoka pengine, utaongeza watoto kwa mlezi mmoja au utampunja mlezi. Yote mawili yanamwumiza mtoto. Kama mwalimu wa hesabu, hapo sikuona njia ya tatu ila moja: mtu mwingine achangie.

Na chuoni kwao wanachangia. Upo mpango wa kuwasaidia wanafunzi wazazi kulipia malezi, na unachukua hata wanafunzi wa kigeni. Tulijaza fomu usiku mtoto akiwa amelala, meza ya jikoni imejaa karatasi za kipato, za masomo ya wote wawili na za kituo, kwani msaada hautolewi kwa mlezi yeyote tu, lazima awe anatambuliwa na sheria. Nilipouliza fedha zinatoka wapi, nilidhani nitaambiwa ni tajiri fulani au serikali. Binti yangu akaniambia: "Zinatoka kwa wanafunzi wenyewe, mama."

Kila mwanafunzi wa chuo kile, juu ya ada ya masomo, hulipa ada nyingine inayogharamia mambo ya pamoja kama zahanati ya chuo, mabasi na shughuli za wanafunzi. Sheria ya jimbo inawapa wanafunzi sauti katika matumizi ya ada hiyo, na sehemu yake huenda kwenye malezi ya watoto wa wenzao. Kijana wa miaka 19 asiye na mke wala mtoto, ambaye labda hajui hata kubadilisha nepi, anachangia ili mama asiyemfahamu abaki darasani. Ni mchango kama tunaotoa kwetu kwenye harusi na misiba, kila mtu kidogo, ila wao wameuandika ukawa utaratibu na hauhitaji kadi wala kupigiwa simu.

Jumamosi moja ya Septemba tulikwenda Watertown, mji mdogo ulio mashariki ya Madison, chini ya saa moja na nusu kwa gari. Nilikuwa nimesikia kwamba chekechea ya kwanza ya Marekani ilianzia hapo, na mwalimu hawezi kupita karibu na mahali kama hapo bila kuzuru. Ni kijumba cheupe cha mbao, kimehifadhiwa kwenye uwanja wa makumbusho. Mwaka 1856 mama mhamiaji wa Kijerumani, Margarethe Schurz, alianza kumfundisha binti yake pamoja na watoto wachache wa ndugu, kwa nyimbo na michezo, kwa mtindo aliojifunza kwao kutoka kwa mafunzo ya Friedrich Fröbel. Nilisimama pale nikiwa na mjukuu mgongoni nikifikiri. Jambo lile lilianza na mama mmoja na watoto wa ukoo wake, kama sisi tunavyofanya, halafu jamii ikaona lina faida kwa wote, likaingia katika shule za umma likawa haki ya kila mtoto. Leo hakuna Mmarekani anayeshangaa mtoto wa miaka mitano kusomeshwa bure. Wa miezi mitano bado wanamwachia mama yake.

Si kwamba hawakujaribu. Mwaka 1971 Bunge lao lilipitisha muswada wa kuanzisha vituo vya malezi nchi nzima, wazazi wakilipa kwa kadiri ya kipato, na Rais Nixon akaukataa mwezi Desemba. Tangu hapo misaada imekuja vipandevipande. Mwaka 1998 serikali kuu ilianzisha mpango wa kuvipa vyuo ruzuku ya malezi kwa wanafunzi wenye kipato cha chini, na nchi ile karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano wa shahada ya kwanza ni mzazi. Watumishi nao wana akaunti ya kuweka fedha za malezi kabla ya kukatwa kodi. Kikomo chake kilikaa dola 5,000 kwa mwaka karibu muda wote tangu miaka ya 1980, na kuanzia 2026 kimepanda kuwa 7,500. Kwa mwenye mshahara mkubwa huo ni unafuu. Mwenye posho ndogo hana hata cha kuweka.

Likizo ya uzazi yenye malipo, ambayo huku kwetu sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mtumishi siku 84, na 100 akijifungua pacha, kwao si haki ya taifa zima. Sheria yao ya 1993 inatoa majuma 12 bila malipo, tena kwa aliyekwisha fanya kazi mwaka mzima. Niliwaambia mabibi wenzangu bustanini kuhusu siku zetu 84, nao walinitazama kwa mshangao. Nilijivunia nchi yangu.

Majibu ya fomu yalikuja: msaada umekubaliwa. Haukulipa gharama yote. Sehemu iliyobaki waliimudu kwa kubana matumizi, na kituo kilichokuwa humohumo mtaani kikapata nafasi. Siku ya kwanza nilimpeleka mimi pamoja na mama yake. Kila chupa ya maziwa ilibidi iandikwe jina na tarehe. Mlezi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alipiga goti sakafuni ili macho yake yalingane na ya mtoto kabla hajampokea. Ukutani palikuwa na karatasi ya kila mtoto ya kuandika saa aliyokula, kiasi alichomaliza, saa aliyolala, nepi iliyobadilishwa. Mchana binti yangu alikwenda kumnyonyesha, akarudi ofisini kwake kusahihisha majaribio ya wanafunzi wa Kiswahili. Jioni aliniambia kwamba ameandika kurasa za tasnifu yake bila kusikiliza mlango, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mtoto azaliwe.

Niliondoka kabla kibali changu hakijaisha, ziwa likiwa limeganda na watu wakitembea juu yake. Mama mkwe wa binti yangu hakulazimika kufunga safari ya kunipokea zamu.

Tangu nirudi nimekuwa nikiwatazama mabinti wanaosoma hapa kwetu kwa jicho jingine. Mikopo ambayo Bodi ya Mikopo huwapa wanafunzi wa vyuo inagharamia chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya vitivo na utafiti. Mtoto hayumo. Zile siku 84 ni za mtumishi, na mwanafunzi si mtumishi. Namjua binti aliyekatisha mwaka wa pili katika chuo kimoja cha hapa nchini kwa kuwa bumu, yaani posho ya mkopo, halikutosha kumlipa dada wa kazi na mama yake alikuwa amekwisha fariki. Alikuwa na akili ya hesabu kuliko wengi niliowafundisha. Tangu Novemba 2021 msichana aliyepata mtoto anaruhusiwa kurudi shule, na huo ni uamuzi uliookoa wengi, lakini ruhusa peke yake haimshikii mtoto saa ya kipindi.

Tumezoea kusema mtoto atalelewa na bibi. Nami nimelea, na nitalea tena nikiitwa. Lakini bibi ana shamba lake na presha yake, na wapo wanafunzi wasio na bibi. Mfumo wa elimu unaotegemea afya ya mwanamke mmoja mzee unamwacha nyuma kila asiye naye.

Tunaweza kuanza na kidogo. Chuo chenye wanafunzi 10,000, kila mmoja akichangia shilingi 2,000 kwa muhula, kinapata milioni 20. Fedha hiyo inaweza kuwalipa walezi wachache waliosomea kazi, katika chumba safi cha chuo ambacho leo kinawekewa viti vibovu, kituo kikisajiliwa kama sheria ya mtoto ya 2009 inavyotaka. Wanafunzi wazazi wataongeza kwa kadiri ya uwezo wao, na watumishi wa chuo, kuanzia mhadhiri hadi mfagizi, wataleta watoto wao hapohapo na kulipa kwa kadiri ya mishahara yao. Serikali za wanafunzi zina wagombea kila mwaka wanaoahidi intaneti na chakula bora. Nawaomba waweke na hili kwenye ahadi zao, na wanaopiga kura wawaulize.