Kitako cha Gobore la Babu

Babu mzaa baba alifariki Kisarawe akiwa na leseni ya kumiliki gobore. Familia ilitenda kama ilivyopasa. Leseni ya silaha ni ya mtu, haigawiwi katika mirathi pamoja na minazi na mikorosho, hivyo bomba na mtambo wa kufyatulia vikapelekwa polisi na familia ikapewa hati ya makabidhiano. Hati hiyo baba mdogo anayo mpaka leo. Inayo maneno matatu tu yanayohusu silaha yenyewe: gobore moja, bovu. Kitako hakikwenda, kwa kuwa kilikwisha kuachana na chuma miaka mingi kabla ya hapo, na hakuna aliyekumbuka kwamba kipo. Kilikuwa darini, juu ya jiko la kuni, kimefunikwa na masizi, na nadhani ni moshi huo uliokiokoa na mchwa.

Mwaka jana baba mdogo alibomoa jiko hilo, akanikabidhi kitako nije nacho Kibaha ninakoishi, "kikapate mafuta, mwanangu, kimekauka." Kabla ya mafuta tulikwenda nacho kituoni sote wawili, pamoja na ile hati. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezewa, na mtu anayelipwa mshahara kufundisha habari za utawala wa sheria hafai kujitolea hukumu mwenyewe. Ofisa wa zamu alikigeuza huku na huku, akatafuta chuma, hakukiona, akatuambia twende na ubao wetu.

Masizi ya jikoni yana mafuta ndani yake, maji matupu hayayaondoi. Nilitumia kitambaa kilicholoweshwa tapentaini kidogo, nikifuta taratibu kwa kufuata uelekeo wa nyuzi za mti, na kila kitambaa kilipokuwa cheusi nikachukua kingine. Siku ya tatu rangi ikaanza kujitokeza. Nilitarajia mninga, kwa sababu mafundi wa magobore wa kwetu waliupenda: haupindi, na unakubali patasi. Huu haukuwa mninga. Ulikuwa mjozi, mti ambao hauoti Pugu wala Kazimzumbwi. Ubavuni, upande wa kulia, kulikuwa na muhuri uliodidimizwa katika mbao: taji, na chini yake herufi moja. Juu, mahali ambapo bunduki za kiwandani huwa na nafasi ya komeo la kusukumia risasi, palikuwa pamezibwa kwa kipande cha mpingo kilichochongwa kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba ukucha haupiti kwenye kiungo.

Kwa hiyo kile ambacho leseni ilikiita gobore kilianza maisha yake kama bunduki ya jeshi la Kaisari. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari weusi wa Wajerumani katika nchi hii zilikuwa bado zinatumia bunduki za Mauser za mwaka 1871: risasi moja moja, baruti nyeusi, na moshi mzito uliomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Wanajeshi wa Ujerumani kule Ulaya walikwisha kupewa bunduki mpya zisizotoa moshi huo. Aliyetawaliwa alipewa silaha iliyostaafu, afe nayo kwa niaba ya taji lililogongwa ubavuni mwake.

Simulizi ya nyumbani yasema kwamba aliyekileta kitako hiki alikuwa mpagazi. Waingereza walipoingia Dar es Salaam, Septemba 1916, Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma kusini kuelekea Rufiji, na pande zote mbili ziliwakusanya wanaume wa Uzaramo kubeba mizigo. Yeye alirudi na mbao bila chuma. Mhunzi akaja kuiunganisha na bomba, seremala akaziba nafasi ya komeo kwa mpingo, na bunduki ya vita ikawa chombo cha kufukuzia nguruwe pori katika mihogo. Mkazi wa Dar es Salaam anaifahamu Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, pale katikati ya jiji, na bunduki yake yenye singe. Wapagazi hawana sanamu pale. Wale waliowatumikia Waingereza wametajwa katika maandishi ya chini, na jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Aliyebebeshwa mzigo na Wajerumani hana hata hayo. Ana ubao huu.

Tatizo langu lilikuwa shingo ya kitako, pale ambapo kiganja hushika. Ilipasuka zamani, na mtu aliifunga kwa ngozi mbichi ya mnyama, ile ambayo ikikauka hubana kuliko waya. Fundi mmoja wa samani wa Maili Moja, mtu hodari wa kazi yake, aliitazama akatoa ushauri ambao fundi yeyote angeutoa: toa ngozi, tia gundi, piga msasa, malizia na vanishi, kitang'aa kama kipya. Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuo kikuu na ana hasira za haki dhidi ya ukoloni, aliafiki msasa kwa sababu nyingine. Alitaka taji liondoke. "Mjomba, unawezaje kulipaka mafuta taji la Mjerumani?"

Nilimwambia kwamba msasa hauchagui. Ukiondoa milimita moja ili kulifuta taji, unaondoa pia wekundu ulioachwa na kiganja cha babu, na weusi wa mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayounguza mikono, ambayo baba mdogo anakumbuka yakipakwa pale chini ili wadudu wasiingie. Nao wale wanaorejesha silaha za kale kwa ajili ya mnada wangelitunza taji na kuikata ngozi, maana kwao ngozi ni uharibifu. Tumezoea kuandika historia yetu kwa mojawapo ya njia hizi mbili. Mimi niliacha vyote.

Ngozi nayo ilinipangia namna ya kufanya kazi. Ikilowa hulegea, basi sikupeleka maji karibu na shingo. Mabonde mawili madogo kwenye tako niliyainua kwa kitambaa chenye unyevu na pasi ya moto, mvuke ukazivimbisha nyuzi zilizogandamizwa. Kisha mafuta ya kitani. Mafuta ya nazi tunayo tele, lakini hayakauki. Kitani huvuta hewa na kugeuka kuwa ngozi ngumu ndani ya mti. Unapaka matone machache kwa ncha za vidole, unasugua mpaka kiganja kipate joto, unafuta yaliyozidi, unaacha mpaka kesho. Kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi mmoja. Vitambaa vilivyotumika visikunjwe pamoja: hujipatia joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Nilivitandaza uani, nikavizika baadaye.

Kwa wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma nina ombi. Magobore yanakusanywa, yanasalimishwa na kuteketezwa, na sina ubishi na hilo. Nimeona gobore lilivyomfanya kijana wa watu aliyekuwa anapita shambani usiku. Lakini fomu ya makabidhiano ingeweza kuongezewa safu moja: silaha hii ilitoka wapi, na nani waliishika. Mwenye kuikabidhi, mara nyingi mzee au mjane, yuko pale mbele ya meza, na ndiye shahidi wa mwisho. Ingegharimu dakika kumi na wino. Pia mtu wa Makumbusho ya Taifa angeweza kuitwa kutazama lundo kabla ya moto kuwashwa.

Kitako nimekirudisha Kisarawe, kimefungwa katika kanga kuukuu pamoja na nakala ya hati. Mpwa wangu ndiye aliyekibeba. Baba mdogo alikinusa, akapitisha kidole juu ya taji, akapita kwenye ngozi, akauliza kama yale mafuta yamebaki. Anataka kuyajaribu kwenye mpini wa jembe.