Bibi Mmoja, Majina Mawili

Reading, Jumapili jioni

Dada mpenzi,

Ulipopiga simu ukanisikia nanong'ona, ukadhani naumwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa London na mavyaa, kwenye ukumbi wa kusomea nyaraka ambamo hata kukohoa unaona haya, na mezani kwetu palikuwa na bunda la karatasi za 1884. Sasa nimerudi nyumbani, chai iko mbele yangu, acha nikupe habari kamili.

Unamjua mavyaa alivyo. Tangu astaafu, kazi yake ni kutafuta watu wa kwao. Upande wa baba amekwenda nyuma mpaka kwa wakulima wa karne ya 17, tena kwa majina na vijiji. Upande wa mama, njia ilikatika kwa nyanya yake. Huyo nyanya alikuwa mtumishi wa ndani, akaolewa, akazaa, akafa mtu mzima, na maisha yake yote hakumtaja mama, baba wala ndugu. Kwenye cheti chake cha ndoa, pale panapotakiwa jina la baba wa bibi harusi, karani amepiga mstari mtupu. Kwetu mtu akiulizwa "wewe wa nani?" akanyamaza, tungejua lipo jambo. Huku nao walijua, ila walisemeana jikoni.

Iliyotufungulia mlango ni sensa ya 1891. Sensa za Uingereza hufungiwa miaka 100, kisha yeyote anaweza kuzisoma. Humo tukamkuta, mtoto wa miaka sita, ameandikwa mwanafunzi katika Foundling Hospital, Guilford Street, London. Usidanganyike na hilo jina, haikuwa nyumba ya kutibu wagonjwa. Ni makao ya watoto walioachwa na mama zao, na ni ya zamani kuliko mengi unayoyasikia.

Aliyeyaanzisha ni nahodha mmoja, Thomas Coram, mzee wa baharini ambaye yeye na mkewe Eunice hawakujaaliwa mtoto. Alikuwa akiingia mjini alfajiri anaona vitoto vimetupwa kando ya njia, vingine hai, vingine vimeshakufa. Akazunguka miaka 17 akibisha milango ya wakubwa. Wanaume hawakumsikiliza mpaka alipopata saini za wanawake wa kikabaila, na mwaka 1739 Mfalme George wa Pili akatoa hati. Ukitaka kujua dunia ilivyo, miaka mitatu baadaye bodi ilimwondoa mwenyewe kwenye uongozi. Leo ana sanamu Brunswick Square, amekaa kwenye kiti, na mavyaa alisimama mbele yake akamwambia, kwa sauti kabisa, "Ulifanya vizuri, lakini tuna maswali."

Usiku wa kwanza, 25 Machi 1741, walipokea watoto 30, nafasi zikajaa, mlango ukafungwa, na wanawake waliobaki nje wakalia mpaka mtaa mzima ukasikia. Mwaka uliofuata wakaanzisha bahati nasibu. Mama anaingia na mtoto mkononi, anatia mkono kwenye mfuko, anatoa kipira. Cheupe, mtoto anapimwa afya na kupokelewa. Chekundu, subiri, huenda mmoja wa wale wa mwanzo akakataliwa kwa maradhi. Cheusi, chukua mwanao uende zako. Na mabibi wa kitajiri walikuwa wakialikwa kutazama. Hilo lilinikaa rohoni kuliko hicho kipira chenyewe.

Halafu Bunge likatoa fedha kwa sharti kwamba asikataliwe mtoto yeyote. Kuanzia 1756 hadi 1760 waliingia karibu watoto 15,000, na zaidi ya nusu yao walikufa. Watu walilipwa kubeba vichanga kutoka mikoani, wengine wakafika maiti. Bunge likakunja mkoba, na tangu hapo masharti yakarudi, makali zaidi.

Kabla ya kwenda kwenye nyaraka tulipita makumbusho yao, hapo hapo Brunswick Square. Ghorofa ya juu ni mambo ya Handel, yule mwanamuziki, ambaye alipiga *Messiah* kanisani mwao mwaka hadi mwaka kuwachangia fedha. Mume wangu angekaa huko siku nzima. Mimi nilikwama chini, kwenye kabati la vitu walivyoacha akina mama.

Maana mtoto akiingia tu, jina lake lilifutwa. Alibatizwa jina jipya, akapewa namba. Ili mama aweze kumkomboa siku mambo yakimnyookea, alitakiwa aache alama ambayo yeye peke yake angeweza kuieleza: sarafu iliyochongwa, pete, kifungo, hata ganda la tunda la porini. Wengi hawakuwa na kitu, kwa hiyo karani alikata kipande cha nguo ya mtoto au ya mama, akakibana kwa pini kwenye fomu. Vipo vipande kama 5,000, vya maua, vya mistari, vya utepe, na wataalamu wa nguo wanasema hakuna mkusanyiko mkubwa zaidi wa mavazi ya watu wa kawaida wa karne ya 18 nchini humu. Nguo za malkia zimehifadhiwa kila mahali. Za mjakazi zimebaki hapa tu, kwa sababu ya mtoto aliyeachwa.

Kuna moja nitakusimulia. Mwaka 1767 mwanamke aitwaye Sarah Bender alimleta mwanawe Charles. Akaacha nusu ya kifuko cha sindano kilichoshonwa kwa viraka, chenye moyo uliodariziwa, kimekatwa katikati kama watu wawili wanavyogawana leso, huyu pindo hili na huyu lile. Humo ndani mtoto akaitwa Benjamin Twirl. Mwaka 1775 Sarah akarudi na nusu yake, akapewa mwanawe. Lakini usishangilie haraka. Kati ya watoto zaidi ya 16,000 walioingia kuanzia 1741 mpaka 1760, waliorudiwa na mama zao ni 152.

Na kosa moja la kuudhi. Karne ya 19 mkubwa mmoja wa makao alivitoa baadhi ya vile vitu kwenye fomu zake ili vipangwe kabatini watu waone. Vikapendeza, vikapoteza wenyewe. Watafiti wa siku hizi wamekuwa wakivirudisha kimoja kimoja kwa mtoto wake, kwa kusoma maelezo ya makarani. Mimi nilitamani kumshika mkono yule bwana nikamwambia aache. Na cha ajabu, yeye mwenyewe, John Brownlow, alilelewa humo humo kama mtoto wa makao. Inasemwa Dickens, aliyekuwa akikaa jirani na kusali kanisani mwao, ndiye aliyelichukua jina lake akampa yule mzee mwema wa *Oliver Twist*.

Jambo jingine utakalolipenda: mwaka 2022 makumbusho waliweka maonyesho juu ya watoto wenye asili ya Afrika na Asia waliopokelewa humo. Ndiyo, wapo, karne ya 18, kwenye daftari zilezile. Mavyaa hakuwahi kusikia. Mimi sikushangaa sana. Mji wa meli ni mji wa meli, muulize Mombasa.

Sasa nyaraka zenyewe. Zimo kwenye jumba la kumbukumbu za mji, The London Archives, mtaa wa Clerkenwell. Unajiandikisha bure, unaacha mkoba kwenye kabati, unaingia na penseli tu, kalamu ya wino ni haramu. Sehemu ya vitabu vya kabla ya 1900 imeshapigwa picha, kurasa karibu 100,000, na watu wa kujitolea wamezinakili kwa vidole vyao ili mtu asome akiwa nyumbani. Za karibuni zimefungwa kwa zaidi ya miaka mia moja, kulinda waliohusika, na nadhani ni haki. Mavyaa angeweza kuanzia kwenye sofa lake. Lakini alitaka karatasi yenyewe, na nani amzuie?

Kazi inakwenda hivi, nikueleze maana ndiyo iliyonifunza. Una jina la mtoto, lile alilopewa. Kwenye daftari kuu la kupokea unatafuta jina hilo na mwaka, unapata namba na tarehe. Namba hiyo inakupeleka kwenye ubatizo, na kwa mlezi wa kijijini aliyemnyonyesha na kumlea mpaka miaka mitano hivi. Wa nyanya alikuwa Kent, ambako makao yalipeleka watoto wengi. Fikiria dada, miaka mitano unamwita mtu mama, halafu siku moja unapandishwa gari, unashushwa London, unakatwa nywele, unavishwa sare. Maombolezo ya mtoto wa aina hiyo hayakuandikwa popote. Kilichoandikwa ni malipo ya mlezi.

Kisha, ukiwa na tarehe, unaomba barua ya maombi ya mama. Wakati huo bahati nasibu ilikwishakufa. Walipokea mtoto wa kwanza tu, wa nje ya ndoa, asiyetimiza mwaka, na mama alisimama mbele ya kamati ya wanaume kueleza alimpata vipi. Alikutana naye wapi? Aliahidiwa ndoa? Nani anajua habari hizi? Baadaye mtu wa makao alikwenda kwa mwajiri na jirani kuhakikisha kwamba kabla ya hapo alikuwa msichana wa tabia njema. Yote yameandikwa. Nilisoma maswali yale huku nikisikia joto masikioni, na mavyaa, ambaye hujawahi kumwona akitukana, alitukana.

Lakini ni kamati hiyo hiyo iliyotupa alichotafuta. Pale juu, kwa mwandiko safi, lipo jina la mama: msichana wa miaka 21, mtumishi, kutoka shamba la magharibi. Na kwa kuwa vizazi huku vinasajiliwa tangu 1837, jina hilo likatupeleka kwenye cheti cha kuzaliwa cha nyanya, jina lake la kwanza kabisa, alilopewa na aliyemzaa. Cheti kilikuwa kwenye fahirisi ya serikali miaka yote. Yeyote angeweza kukinunua, nyanya mwenyewe pia, kama angejua jina lake.

Hapo ndipo ninapogombana na yale makao, dada, hata nikikubali kwamba yaliokoa watoto. Nilidhani siri ilikuwa kwamba hawakujua. Kumbe walijua kila kitu, wakakitunza kwa uangalifu ambao hata benki hazina, na mwenye nacho ndiye pekee aliyefichwa. Mama aliruhusiwa kuja kuulizia, akaambiwa mzima au amekufa, basi. Mtoto hakuruhusiwa hata swali.

Sasa nyumbani kuna ubishi. Kaka wa mavyaa anasema kwenye mti wa ukoo liandikwe jina la kuzaliwa, maana ndilo la kweli. Mavyaa hataki. Anasema nyanya alilibeba lile la kamati zaidi ya miaka sabini, akapikia watoto kwa jina hilo, akazikwa nalo, na hawezi kumvua sasa hivi. Mimi ni mkwe, kauli yangu haihesabiwi, lakini niko na mavyaa.

Nilimhadithia juu ya majirani zetu wa Freretown, kule Mombasa. Nikamwambia tangu 1875 wamisionari walikuwa wakiwapokea pale watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, watoto tele, wakabatizwa majina ya Kizungu, na wajukuu wao bado wanayatumia pale Kengeleni. Akaacha kikombe akaniuliza nani anazo daftari zao. Kwa hiyo nakuomba: yule shoga yako wa kwaya, muulizie kama vitabu vya ubatizo vya mwanzo bado viko kanisani au vilipelekwa kwingine, na kama mgeni anaruhusiwa kuvitazama. Mavyaa anasema atakuja Desemba, na ameshanunua penseli.

Mdogo wako