Tshibumba alichora, kisha akakaa kusimulia

Hapa Fungurume kuna familia zilizoacha vijiji vyao ili shaba na kobalti zichimbwe. Wazee wao wakianza kueleza kijiji kilivyokuwa, makaburi yalikuwa wapi, mwembe mkubwa ulikuwa wapi, mara nyingi wanaishia katikati. Wamechoka. Vijana wanadhani wamesahau.

Habari ya Tshibumba Kanda Matulu ingewasaidia vijana hao. Alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na alikuwa mchoraji wa watu wa kawaida. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Wateja walitaka Lumumba, walitaka fimbo ya wakati wa Wabelgiji, na picha hizo alizirudia tena na tena kwa sababu nyumbani watu walipaswa kula. Lakini kichwani alibeba kazi nyingine kubwa: historia ya inchi yote.

Kazi hiyo aliifanya mwaka 1973 na 1974, baada ya kukutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi. Ni picha karibu 100! Hakuzimaliza kwa mbio moja. Alileta chache, zikatazamwa moja moja, naye akakaa akazisimulia kwa Kiswahili chetu cha Katanga, mashine ikinasa sauti. Kwa mfano wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941: mambo ya namna hiyo mtu hawezi kuyachora mfululizo kama anayepaka ukuta rangi. Alichora, akakaa, akaongea, akarudi kuchora.

Na kule kukaa kulizaa matunda. Kitabu cha Fabian kilichotoka mwaka 1996 kina picha pamoja na maneno ya Tshibumba mwenyewe, na bila maneno hayo picha nyingi zingebaki bubu.

Yeye hakukiona, kwa kadiri watu wanavyojua. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyepata habari zake. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum, lililoitwa zamani Tropenmuseum, mbali mno na watoto wa Lualaba.

Siku hizi nyumba nyingi zina simu ya kunasa sauti. Leo mzee akiishia kwenye mwembe, apewe maji, aachwe apumzike. Habari ya makaburi inaweza kungoja siku ya Mungu, kisha ile nyingine.