Mdiria wa Mto Lwakhakha



Ndugu wasomaji, kila inapokaribia likizo ya mwisho wa mwaka, jamaa zetu wengi hufunga safari ya Kitale na Bungoma kuwaona ndugu walioko huko kwa kazi na biashara. Njia hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya wazee wetu ilifika kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19, na Uislamu wa Mumias una asili yake katika safari hizo. Lakini wengi wanaokwenda leo hukaa juma zima ndani ya nyumba; wakubwa huzungumza, watoto huchoka na kununa, kisha wote hupanda basi wakarejea. Tungependa mwaka huu watoto watolewe nje baada ya Swala ya Alfajiri, wakamtazame mdiria, ambaye wengine kwetu humwita kizamiadagaa.

Aliyekulia kando ya mikoko ya Mida anamjua mdiria wa huko, mwenye mdomo mwekundu na mgongo wa buluu, anayekaa juu ya mkoko akisubiri kaa. Bara kuna jamaa zake wengine. Yuko mdogo kabisa, hazidi kiganja cha mkono, mgongo wa buluu ing'aayo, kifua cha rangi ya kutu na kishungi kichwani; huyu hukaa juu ya tete, karibu sana na maji. Yuko mweusi na mweupe, ambaye husimama hewani akipiga mbawa mahali pamoja kabla ya kujitupa majini kama jiwe. Dume lake lina mikanda miwili myeusi kifuani na jike mmoja, na huo ni mchezo mzuri wa kuwapa watoto: nani atakuwa wa kwanza kutambua. Yuko pia mkubwa kuliko wote, mwenye madoadoa na mdomo kama patasi, ambaye sauti yake husikika kabla hajaonekana. Na wako wasiojali maji hata kidogo, wanaokula panzi na mijusi mashambani; mtu akiambiwa kuwa hao nao ni mdiria, hukataa.

Kwa wanaofikia Kitale, mahali pepesi ni Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka mjini. Ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kwenye vinamasi. Magari hayaingii, watu hutembea kwa miguu juu ya njia za mbao na kupanda vyumba vya mbao vilivyoinuliwa juu ya matete. Ni pahali pa amani, na watoto hawawezi kupotea. Ndani ya mji wenyewe, nyuma ya Jumba la Makumbusho la Kitale, ipo njia ya msituni yenye kijito, nayo yafaa kwa mwenye saa moja tu. Hayo mawili yatosha kwa Kitale. Sisi tulipopapenda zaidi ni pahali pasipo na lango wala tiketi.

Lwakhakha ni mji wa mpakani upande wa Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma. Mto wenye jina hilo hilo hushuka kutoka Mlima Elgon, nao ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Maji yake huungana na Mto Malaba, yakaenda Mpologoma, yakaingia Ziwa Kyoga, na mwisho wake ni Nili. Kwa hiyo tone linalopita chini ya daraja la Lwakhakha huenda Misri, ilhali wengi wa wanaolivuka daraja hilo wanakwenda sokoni tu na kurudi. Wabukusu wa ng'ambo hii na Wamasaba wa ng'ambo ile husikilizana lugha, huoana na kuzikana. Mpaka kwao ni jambo la karatasi. Mdiria hata karatasi hana: hukaa tawi la Kenya, akavua samaki wa katikati, akaenda kummezea Uganda.

Anayetaka kumwona asikae darajani penye malori na kelele, wala asielekeze kamera kwenye ofisi za mpaka. Apande na mto kwa miguu, akiwa na mwenyeji, baada ya kuomba ruhusa ya wenye mashamba, na atafute vitu viwili: ukingo wa udongo uliosimama wima kama ukuta, na maji unayoweza kuona chini yake. Ukingo ni nyumba ya ndege huyu. Huchimba kwa mdomo na kufukua kwa miguu shimo linaloweza kuzidi mita moja, na mwisho wake hutaga mayai, hata makinda yakalala juu ya miiba ya samaki. Maji maangavu ni riziki yake, kwani huwinda kwa macho. Mto ukiwa mwekundu kwa udongo, yeye huhama.

Kwa sababu hiyo Desemba hadi Februari ndio wakati bora, mvua zikiwa zimepungua na mto umeshuka. Na wenzetu wa pwani wakumbuke kwamba jua la huko huchomoza nyuma ya letu kwa zaidi ya dakika 20. Wasiswali Alfajiri kwa ratiba ya Mombasa, na wasishangae saa kumi na mbili kukiwa bado na kiza. Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, na vijana huletwa mtoni alfajiri kupakwa tope. Hiyo ni shughuli yao nzito. Mgeni mwenye darubini hana la kufanya mtoni asubuhi hiyo.

Tulikaa chini ya mti upande wa juu wa mji, na kabla jua halijapanda sana tukawaona wawili wale wadogo wakipita chini chini juu ya maji, mmoja nyuma ya mwingine, kama cheche mbili za buluu. Wale weusi na weupe walikuwa watatu, na wote watatu wakipeleka samaki katika shimo moja. Jambo hili lina maelezo. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa katika Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, akakuta kwamba wazazi husaidiwa kulisha makinda. Wasaidizi wengine ni watoto wao wakubwa, na wengine si ndugu zao kabisa. Naivasha, ambako samaki hupatikana kwa wepesi, wazazi humfukuza msaidizi asiye wa ukoo. Ziwa Victoria, ambako kuvua ni kazi ngumu zaidi, humkaribisha, kwa kuwa bila yeye makinda mengi hufa. Tuliwaeleza vijana tuliokuwa nao habari hii, na mmoja akauliza kama huyo wa tatu ni mjomba. Hatukuwa na la kumjibu, ila tulicheka sote.

Hata hivyo, tuliyoyaona hatua mia mbili mbele hayakutufurahisha. Ukingo ulikuwa umekatwa na wachimba mchanga, na juu yake mahindi yalipandwa hadi mdomoni mwa mto. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilitaka ukanda wa mita 6 hadi 30 uachwe kando ya mto. Hapo hapakuwa na hata moja. Hatuwalaumu kwa wepesi watu wenye shamba la robo eka na watoto wa kusomesha. Lakini ukingo ukianguka, mashimo ya mdiria huanguka nao, na mvua ya kwanza huondoka na hiyo robo eka vilevile.

Ndege anayekosa mto huenda bwawani. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009, mabwawa mengi ya samaki yalichimbwa katika vijiji vya magharibi, na kwa mdiria bwawa ni sinia lililotandikwa. Mzee mmoja mwenye bwawa alitupokea kwa chai, na wajukuu wake walikuwa na manati shingoni. "Mwalimu," akatuambia, "huyo unayemsifu ni mwizi. Ananimalizia vifaranga vya samaki. Nimewaambia watoto wampige."

Tulimkumbusha kwa upole habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoamuru makinda ya ndege yarudishwe kwa mama yao, na ile hadithi mashuhuri kwamba mmea anaopanda Muislamu, anachokula humo mtu, mnyama au ndege ni sadaka kwake. Hadithi inataja mmea. Kwa maoni yetu, samaki wa kufugwa wanaweza kukisiwa na mmea, kwa kuwa jasho ni lile lile. Lakini si haki kumkamua maskini sadaka asiyoiweza, kisha sisi tukarudi pwani na picha zetu. Mzee naye aliuliza swali ambalo ndilo hasa: "Na wavu wa kufunika bwawa, ataununua nani?"

Tulikubaliana hivi. Wajukuu waweke manati, na sisi tulete wavu. Pwani nyavu kuukuu zimejaa chini ya miembe na juu ya mapaa ya mabanda. Wavuvi wetu huzitupa zikishindwa na bahari, nazo bado zaweza kufunika bwawa la kijijini. Sharti lake ni matundu madogo, na wavu uvutwe juu ya nguzo hadi ukaze kama ngozi ya ngoma, kwa sababu wavu uliolegea humnasa ndege akafa akining'inia, na hapo tungekuwa tumefanya kazi ya manati kwa njia nyingine.

Bwawa la mzee lina upana wa mita 10 na urefu wa mita 15. Wapo jamaa wa mtaa wetu watakaosafiri kwenda Bungoma katika juma la pili la Desemba, na wamekubali kubeba mzigo. Mwenye wavu aulete msikitini baada ya Swala ya Ijumaa, ukiwa umefuliwa chumvi na kukaushwa.