"Borrow" na "lend": kitenzi kilichonisimamisha mbele ya akina mama wa Migori

Nilikuwa nyumbani Migori, na safari hii sikwenda kula samaki tu. Nilikwenda kurekebisha programu yangu mwenyewe. Hesabu zilikuwa sawa, seva ilikuwa hai, pesa zilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Kilichoharibika ni kitenzi kimoja cha Kiingereza. Na jamani, Kiingereza nilikipita vizuri kidato cha nne!

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana chama kimoja cha akina mama wafanyabiashara kiliniomba niwatengenezee kitu cha kuweka kumbukumbu za mikopo. Wengi wao wanauza omena inayotoka ufuoni, Sori na Muhuru Bay. Hawakopi kutoka kwenye mfuko wa chama peke yake, wanakopeshana pia wenyewe kwa wenyewe: leo omena ni nyingi na wewe huna mtaji, mimi nakupa, wiki ijayo mambo yanageuka. Mweka hazina ndiye shahidi. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu. Mweka hazina akiingiza mkopo, kila upande upate ujumbe mfupi kwenye simu. Wakataka ujumbe uwe wa Kiingereza, eti ndiyo lugha ya karatasi za maana. Nami sikubisha.

Basi aliyetoa pesa alipata ujumbe huu: "You have borrowed member 14 Ksh 6,000." Na aliyepokea akapata huu: "You have been borrowed Ksh 6,000 by member 9."

Hebu soma tena polepole. Kama umekulia kwetu, huenda huoni tatizo. Mwanachama 9 ametoa, mwanachama 14 amepokea, basi. Lakini mpe mtu aliyefundishwa Kiingereza cha kitabuni asome huo ujumbe wa pili. Atakwambia bila kusita kwamba mwanachama 9 ndiye aliyekopa, na anayedai ni mwanachama 14. Kinyume kabisa!

Ndivyo ilivyotokea. Siku ya kulipa ikapita, mwanachama 9 akadai chake mkutanoni. Mwanachama 14 akatoa simu. Hakuwa mwizi, naomba hilo lieleweke. Hao wawili walikuwa wamekopeshana mara nyingi huku na huku hata akili zimechoka kuhesabu, na mwanawe wa sekondari alikuwa amemsomea ujumbe na kumfafanulia: mama, wewe ndiye unayedai hapa. Mwenzake naye akatoa simu yake, wakapata mtu wa kuisoma, na ujumbe wake ukaonekana kusema hivyo hivyo: umekopa. Simu mbili, ushahidi mmoja, na wote wa uongo. Elfu sita ni mtaji wa mtu. Walioketi upande huu wakaacha kusemezana na walioketi upande ule.

Kilichowaokoa ni daftari la mweka hazina, lile la kurasa za mistari, lenye sahihi ya aliyepokea. Kisha wakaniita.

Niliposimama mbele yao, mama mmoja mkubwa aliniuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma: "Nyathina, hiyo mashine yako inaongea Kiingereza cha wapi?"

Mwanangu, anasema. Nikakosa jibu. Usiku nikakaa na msimbo wangu na ndipo nikaona jinsi nilivyoingia shimoni. Katika Dholuo tuna "holo", na hilo neno moja linafanya kazi pande zote mbili, la kuchukua na la kutoa. Ukimwambia mtu "hola", unamwomba akuazime. Nani ametoa na nani amepokea, sentensi nzima ndiyo inayokueleza. Kwa hiyo nilikuwa nimeandika kazi moja tu ndani ya programu, nikaipa jina la "borrow", nikaiachia mpangilio wa majina uamue mwelekeo. Nilikuwa nafikiri kwa Dholuo nikiandika kwa Kiingereza.

Na msidhani ni ushamba wa Wajaluo. Kiswahili chenyewe kinafanya hivyo kwa "azima": nimeazima kalamu kwake, tena niazime kalamu yako. Wajerumani nao wana "leihen", inayokwenda na kurudi vile vile. Ni kwenye pesa ndipo Kiswahili kinakuwa makini, maana kukopa si kukopesha, na kiambishi kile cha "-esha" kinabeba deni zima.

Kiingereza chenyewe kimegawa kazi kwa maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza. Anayechukua ndiye hu-"borrow", na kitu kinatoka kwa mtu kwa neno "from": "I borrowed a jembe from my neighbour." Anayetoa hu-"lend": "My neighbour lent me a jembe." Kwa hiyo "borrow me your pen", tuliyoisema shule nzima tukiogopa kuvishwa kile kibao cha kuongea lugha ya mama, haisimami. Ni "lend me your pen" au "may I borrow your pen". Jambo jingine: unachoweza kubeba na kurudisha ndicho una-"borrow". Choo cha jirani una-"use" tu, hukirudishi.

Wakenya wengi tumeshapata njia ya kukwepa, tunasema "assist me with a pen", yaani nisaidie kalamu. Hapo hakuna anayekosea! Hata kampuni za simu zinakwepa. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ni mkopo, na Okoa Jahazi ni mkopo, lakini tafuta neno "kopa" kwenye majina hayo.

Kinachonichekesha ni kwamba lugha ya Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015, imejengwa juu ya kitenzi hiki hiki. Kila thamani ina mwenyewe mmoja. Sehemu nyingine ya programu inaweza kui-"borrow", na kompaila inafuatilia nani ni mwenyewe na nani ameazima. Ukijaribu kutumia kitu cha kuazima baada ya mwenyewe kutoweka, inakataa kata kata. Nilikuwa nimesoma hayo yote, nikayaelewa, halafu nikawatumia akina mama wa watu ujumbe usiojua mwenyewe ni nani.

Marekebisho yalinichukua jioni moja. Sasa kuna kazi mbili, moja ya anayetoa na moja ya anayepokea, na ujumbe haukitegemei tena kitenzi kimoja. Kiingereza kinasema: "You lent member 14 Ksh 6,000. Member 14 owes you Ksh 6,000." Upande wa pili: "You borrowed Ksh 6,000 from member 9. You owe member 9 Ksh 6,000." Ni mrefu, najua. Chini yake nimeweka Kiswahili: umemkopesha, umekopa kwa. Kabla ya kuuwasha niliwapa wanachama wanne wausome, na watoto wao wausome pia, kila mmoja peke yake. Wote wakanionyesha mdaiwa yule yule. Hilo jaribio nilipaswa kulifanya mwaka jana.

Mwanachama 9 amelipwa kwa mafungu mawili. Ujumbe wa zamani bado uko kwenye simu zao na siwezi kuufuta, kwa hiyo chama kimepitisha kwamba kwa kila mkopo wa kabla ya toleo jipya, daftari la mweka hazina ndilo linaloaminiwa. Nimepiga picha kurasa zake zote, na wiki hii naziingiza upya moja moja.